Ruhusa ya Kufunga

"Soma tena, Baba," Rudaina alisema, kidole gumba kikiwa juu ya kioo cha simu. "Mia moja ishirini na ngapi?"

"Na nne," baba yake alijibu kutoka barazani. "Wewe mpaka uambiwe mara tatu ndipo usikie."

Rudaina akaandika. Hiyo ilikuwa sukari ya mama yake ya alfajiri ya Jumanne. Ilibaki ya jioni, kisha Jumatano nzima, kisha ya leo. Kila Alhamisi akitoka shuleni, ambako alikuwa karani, alivua viatu, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, na baba yake akamsomea namba zilizohifadhiwa ndani ya mashine ya kupimia. Yeye alizihamishia kwenye ukurasa wa afya wa mama yake mtandaoni, na Daktari Lubna alizisoma akiwa hospitalini kwake, bila mgonjwa kupanda gari wala kupanga foleni.

Mama yake, Hamda, alikuwa ameketi sakafuni, beseni la mamumunye katikati ya miguu. Alikuwa akiyakomba kwa kisu chembamba ili ayajaze mchele na nyama. Alizungusha kisu, akagonga, nyama ya ndani ikatoka nzima kama kizibo cha chupa. Mikononi mwake halikupasuka hata moja.

"Mwambie huyo daktari leo nimekula tango na mkate mkavu," alisema.

"Daktari haulizi umekula nini, Mama. Anauliza sukari."

"Basi mwambie sukari nayo imekula tango."

Barazani Mutlak alicheka, kisha akajikohoza kama mtu aliyejutia kicheko chake. Alikuwa dereva mstaafu wa malori ya jeshi, na katika nyumba ile ya mji wa Karak hakujulikana kwa kuosha hata kikombe chake mwenyewe. Lakini tangu mwezi wa Rajabu alikuwa amejitwika kazi ya kumpima mkewe. Alfajiri na jioni waliingia chumbani, mlango ukafungwa, baada ya kitambo akatoka na mashine mkononi. Rudaina aliona ni uzee unaomlainisha. Akashukuru Mungu, asiulize zaidi.

Na namba zilikuwa nzuri, za kumtoa mtu machozi. Kabla ya Rajabu zilikuwa mia tatu kasoro, mia tatu na ushei. Daktari alibadilisha dawa, na mara zikashuka, zikatulia. Kaka yake Ghalib, aliyekuwa Kuwait na ndiye aliyefungua ukurasa ule, alizitazama huko aliko na kutuma ujumbe wa sauti: "Mama, namba zako nzuri kuliko za mshahara wangu!" Hamda aliirudia sauti hiyo kwa kila mgeni aliyeingia.

Lakini Hamda hakuwa na haja ya sifa. Alitaka jambo moja tu. Ramadhani ya mwaka uliopita daktari alikuwa amemkataza kufunga, akamwambia alishe maskini badala yake. Maskini wakalishwa. Yeye akawa anakula mchana kwa kujificha jikoni, nyuma ya mlango, kama mwizi wa kuku. Siku moja mtoto wa jirani alichungulia, akakimbilia uani akipiga kelele: "Bibi Hamda anakula kobe! Bibi Hamda anakula kobe!" Wakubwa walimfokea. Wifi yake, Mama Raid, alikuja jioni ile ile na sahani ya vitumbua vya asali, akamshika mkono na kusema kwa huruma, "Mungu hakuitaka funga yako, dada yangu. Usihuzunike." Hamda alisema baadaye kwamba afadhali angepigwa kofi.

Simu ilitoa mlio. Rudaina alisoma, akasimama.

"Nini?" mama yake aliuliza. Kisu kilisimama ndani ya mumunye.

"Ni yeye. Daktari Lubna. Anasema amesoma namba zote za Rajabu na Shaabani. Anasema..." Rudaina akaisogeza simu karibu na macho. "Anasema unaweza kufunga."

"Soma kama alivyoandika."

"Bi Hamda anaweza kufunga Ramadhani, kwa masharti. Sindano ya alfajiri aiache, ya jioni apunguze nusu, sukari isije ikashuka mno akiwa na njaa. Apime mara nne kila siku. Na kabla mwezi haujaandama aje atolewe damu kwa kipimo cha maabara, kile kinachoonyesha miezi mitatu."

Hamda hakuyasikia masharti. Alilisukuma beseni, akapiga kigelegele kilichowatoa majirani madirishani. Akaichukua simu ya bintiye kwa mikono iliyojaa mbegu, akaibusu.

"Mama Raid atakuja kufuturu kwangu," alisema. "Siku ya kwanza. Atanikuta nimekauka midomo kama watu."

"Na hicho kipimo cha maabara?" Mutlak aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, mashine ikiwa bado mkononi.

"Nitakwenda, Baba Ghalib. Nani kasema siendi?"

Walitazamana. Rudaina aliuona mtazamo huo, akaudhani wa furaha.

*

Hakwenda. Kwanza kulikuwa na kuosha mazulia, kisha harusi ya binti wa shangazi, kisha mwezi ukaandama. "Damu haikimbii," alisema Hamda. "Itanisubiri hadi Idi."

Alifunga. Siku ya kwanza Mama Raid alikuja, akamkuta amekauka midomo, akamkumbatia, na Hamda akakaa kichwani mwa mkeka akiwagawia watu tende kama bibi harusi. Rudaina hakukumbuka lini alimwona mama yake mzuri vile.

Siku zilipokuwa zikisonga, kiu ikamzidi. Adhana ya magharibi ilipotoka hakugusa supu. Alishika jagi la maji kwa mikono miwili na kunywa hadi akatweta. Usiku Rudaina alimsikia akienda msalani, anarudi, anakunywa, anakwenda tena. Nguo ya sala ilianza kumpwaya mabegani.

"Mama, unakunywa sana."

"Nimefunga, mwanangu. Mtu aliyefunga anywe nini, upepo?"

"Mimi pia nimefunga. Sinywi jagi."

"Wewe una miaka thelathini na moja na huna mume wa kukukausha koo."

Wakacheka. Lakini siku moja, kabla ya futari, Rudaina aliichukua mashine mwenyewe, akafungua kikopo cha vijikaratasi vya kupimia, akaketi mbele ya mama yake. "Nipe kidole."

Hamda akauvuta mkono na kuuficha chini ya kwapa. "Baba yako ameshanipima."

"Nami nataka nikupime. Kidogo tu."

"Unanionaje? Mtoto? Au mwongo?" Sauti yake ilipanda, halafu ikalegea. "Vijikaratasi vyenyewe Ghalib anavituma kwa jasho. Usiviharibu. Tazama huko mtandaoni, si kila kitu kiko huko?"

Rudaina akatazama namba ambazo tangu mwezi uandame aliziandika kila siku. Alfajiri, mia moja ishirini na tisa. Jana jioni, mia moja themanini baada ya kula. Chini yake daktari alikuwa ameandika: *Vizuri. Binti anayetunza ukurasa huu Mungu ambariki.* Rudaina aliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Hakuna mtu aliyekuwa amemsifu kwa lolote siku nyingi. Akakifunga kikopo.

*

Hamda alianguka kumi la mwisho, mchana, akikoroga supu ya dengu. Hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini taratibu, akaegemea kabati, akamtazama Rudaina na kumwita Fidha. Fidha alikuwa dada yake, aliyekufa zamani.

"Fidha, waambie wafunge mbuzi."

"Mama, ni mimi. Mama!"

"Fidha, wanaingia kwenye ngano."

Mutlak alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari la jirani. Hospitalini muuguzi alimchoma kidole Hamda, na mashine haikuandika namba. Iliandika kwamba sukari imepita mwisho wa vipimo vyake. Wakampeleka ndani wakikimbia. Koridoni kulikuwa na watu wengi, wengine na wagonjwa wao, wengine wamelala kwenye viti wakisubiri magharibi.

Daktari Lubna alishuka kutoka kliniki yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na mkononi alikuwa na kompyuta bapa iliyofunguliwa kwenye ukurasa wa Hamda.

"Sielewi," alimwambia Rudaina. "Mwili wake umekauka kabisa. Sukari hii haikupanda leo, wala jana. Hii ni ya wiki nyingi. Lakini hapa pameandikwa alfajiri ya leo mia moja arobaini. Nani alipima?"

"Baba. Mimi huandika tu anachosoma."

"Mashine imeharibika?"

"Ni hiyo hiyo, daktari."

Daktari akamgeukia mzee. "Haji, ulimpima vipi? Alikuwa ameosha mikono? Kijikaratasi hakikuwa cha zamani?"

Mutlak alikuwa amesimama kama walivyomfundisha jeshini, visigino pamoja. Watu wa koridoni walikuwa wamegeuka kumsikiliza. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu. Ncha za vidole vyote zilikuwa na vidoa vyeusi vyeusi, kama vimedonolewa na kuku.

"Mimi," alisema.

"Wewe ndiye uliyempima, ndiyo. Nauliza..."

"Damu ni yangu. Tangu Rajabu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye kiti alishika mdomo. Kisha mwanamume mmoja nyuma akasema, si kwa sauti ya chini vya kutosha, "Loo, mzee mzima!"

Rudaina aliutazama mkono ule. Alikumbuka namba zote alizoandika kwa uangalifu, akirudia kuuliza, asikosee hata moja. Alikuwa ameandika uongo bila kosa lolote.

"Nikampunguzia dawa," alisema Daktari Lubna, taratibu, kama anayejisomea. "Mtu mwenye sukari mia tatu, nikampunguzia nusu." Akafumba macho kidogo. "Nilipaswa kudai kipimo cha maabara kwanza, ndipo nitoe ruhusa. Nilizipenda namba." Akaingia ndani, mlango ukajifunga nyuma yake.

Mutlak aliendelea kusimama mkono ukiwa umenyooshwa, kana kwamba hakujua pa kuuweka.

*

Hamda hakumtambua mtu tena. Figo zilishindwa kazi, kisha moyo. Walimzika kabla ya Idi, kwenye mteremko unaotazama bonde, kando ya makaburi ya watu wake.

Wanawake walijaa nyumbani, kahawa chungu ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeingia alisema neno lile lile. "Amekufa katika Ramadhani." "Amekufa amefunga." "Bahati iliyoje, milango ya pepo iko wazi." Mama Raid alilia hadi sauti ikamkauka, akasema mbele ya watu, "Wallahi namwonea wivu." Rudaina aliinamisha kichwa. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akisema kwa ubaya. Lakini kila neno lilimwingia kama mwiba, kwa sababu alijua mama yake, kama angeweza kusikia, angefurahi.

Ghalib alikuja kutoka Kuwait, akakaa na wanaume, akapokea mikono ya pole. Alipoambiwa damu ilikuwa ya nani, hakupiga kelele. Alitoka hadi uani akasimama akiutazama ukuta. Siku ya kuondoka alimkumbatia dada yake na kusema, "Nami nilikuwa naziona. Kila siku nilikuwa naziona." Alimbusu baba yake paji la uso, kama inavyopasa, ila hakumtazama machoni.

Rudaina na Mutlak wakabaki wawili. Alimpikia, akamtengea, akamfulia. Hakumsemesha. Jioni mzee alikaa barazani na sigara isiyowashwa, yeye akakaa jikoni na mlango umefungwa.

*

Daktari Lubna alimpigia shuleni, Idi ikiwa imeshapita. Rudaina alitoka na simu hadi kwenye uwanja, mbali na wanafunzi.

"Sikutaka kukusumbua katika msiba," daktari alisema. "Lakini nimekuwa nikiusoma tena ule ukurasa. Siwezi kuuacha. Rudaina, zile namba zote ni za baba yako?"

"Zote."

"Anatumia dawa yoyote ya sukari?"

"Baba? Hatumii hata dawa ya kichwa."

"Sikiliza, binti yangu. Kwa mama yako, aliyekuwa anachoma sindano, mia moja ishirini na nne asubuhi ilikuwa namba ya kushangilia. Kwa mtu asiyetumia dawa, ambaye hajala tangu jana, si namba nzuri. Mwishoni mwa Ramadhani zinafika mia moja arobaini. Baada ya kula, mia mbili. Anaamka usiku kwenda haja?"

Rudaina akakumbuka nyayo za usiku katika Ramadhani. Alikuwa amezidhani zote za mama yake.

"Anaamka," alisema.

"Mfungulie ukurasa wake. Zile namba uzihamishie huko, na tarehe zake, nione zilivyopanda. Kisha umlete. Safari hii damu ataitoa hapa, mbele yangu."

Jioni ile Rudaina alifungua mlango wa jikoni, akabeba kigoda chake hadi barazani na kukaa karibu na baba yake. Mzee alitazama kigoda, kisha akamtazama yeye. Rudaina alimweleza aliyoyasema daktari, yote, bila kuongeza wala kupunguza. Mutlak alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa namwazima damu mbovu," alisema.

"Tarehe ya kuzaliwa," Rudaina alisema, simu mkononi.

"Ya kweli au ya kitambulisho?"

"Ya kitambulisho."

"Mosi Januari, kama kila mzee wa hapa. Serikali ilituzaa siku moja."

Aliandika. Akaandika na jina, Mutlak, na jina la babu, na la ukoo. Kisha akafungua ukurasa wa mama yake. Namba zilishuka mbele ya macho yake, safu ndefu, pamoja na lile neno la daktari la kumwombea baraka.

"Sasa nazihamisha."

"Nini?"

"Namba zako. Natoa kwa Mama, naweka kwako."

"Ziache."

"Daktari anazihitaji, Baba."

"Ziache, Rudaina." Sauti yake haikupanda. "Nimeishi naye miaka yote ile. Hakuniomba dhahabu. Hakuniomba nguo ya Idi, wala safari, hata nilipokuwa na mshahara. Alikuja usiku mmoja wa Rajabu akaniambia, 'Baba Ghalib, nisitiri mwaka huu mmoja tu. Niazime kidole.' Nikampa. Sasa nikamnyang'anye kaburini?"

Rudaina alikuwa na neno kinywani tangu siku ya mazishi. Alikuwa amelitafuna usiku na mchana, akalimeza, likarudi. Sasa likatoka.

"Kidole hicho ndicho kilichomzika."

"Najua," alisema Mutlak.

Hakujitetea. Hakulia. Aliweka mikono yote miwili magotini, akaitazama, na Rudaina akaona jinsi shati lilivyomlegea shingoni, jinsi lilivyokuwa limeanza kumpwaya bila mtu wa nyumba hiyo kuliona. Alitaka kumchukia kwa muda zaidi, angalau hadi arobaini ya mama ipite. Hakupewa muda huo.

Chini ya mteremko muuza gesi alikuwa akipita na muziki wa gari lake. Walisubiri hadi ukafifia.

"Nipime upya," mzee alisema. "Kesho asubuhi, kabla sijanywa chai. Daktari ataanza na hiyo. Za nyuma mwachie mama yako."

"Hatakubali. Anataka kuona zilivyopanda."

"Kesho tutamwomba."

Rudaina aliutazama ukurasa mpya. Jina lilikuwepo, na tarehe ya uongo ya kitambulisho. Chini yake mahali pa namba palikuwa peupe. Kidole chake kilikaa juu ya kioo muda mrefu. Hakuhamisha kitu. Alizima simu, akaiweka mfukoni.

"Kesho basi," alisema. "Lakini nitakupima mimi."